Fishye imebadilika, juu ya nini ordinatere inaonyesha ya zamani?

Tuseme mwandishi wa redio amesahihisha habari: barabara iliyofungwa asubuhi sasa imefunguliwa. Fishye mpya iko ku serveri. Lakini mtangazaji, ku ordinatere ingine, anafungua fishye ileile na kusoma maneno ya asubuhi. Nani amekosea? Pengine hakuna mtu. Ni kashe.

Ndani kabisa ya Linux kuna kerneli. Unaposoma fishye, kerneli inatunza nakala mu memwari, ili mara ya pili isirudi tena ku diski. Ni sawa na mtu aliyeandika bei za soko ku karatasi: asubuhi inamsaidia, magharibi bei zimekwisha badilika.

Kwa diski ya ndani hakuna shida, juu kila badiliko linapitia kwa kerneli yenyewe. Shida iko kwa FUSE, njia iliyoingia mu Linux mwaka 2005. Inaruhusu programu ya kawaida, inje ya kerneli, kuleta folda ya mbali kama vile iko kwako. Programu sshfs inafanya hivyo. Pale, mwengine akibadilisha fishye ku serveri, kerneli yako haipati habari.

Kawaida, FUSE inatupa nakala kila fishye inapofunguliwa upya. Lakini kama mtu aliweka chaguo kernel_cache, nakala inabaki. Basi, kwanza liondoe. Kama haitoshi, programu ikikubali, weka direct_io: kila kusoma na kuandika kunapita moja kwa moja, bila nakala ya kerneli.

Angalia vizuri: direct_io inagusa maandishi ya ndani tu. Majina ya fishye, ukubwa na tarehe vina kashe yao, kawaida ya sekunde 1. Ukiweka attr_timeout na entry_timeout ku 0, kerneli itauliza kila mara. Tena, programu ya FUSE inaweza kuwa na kashe yake yenyewe.

Bei yake ni mwendo. Mtandao ukiwa dhaifu, kila ombi linangoja. Kwa hiyo zima kashe kwa folda ya habari tu. Nyimbo na vipindi vya zamani, viache nayo.

Na hata hivyo, fishye iliyo wazi tayari mbele ya mtangazaji haijigeuze yenyewe. Aifunge, aifungue tena, kisha asome.