Kubadili Oili Kyela: Kilomita Peke Yake Hazitoshi

Msimu wa mavuno ya mpunga, kati ya Mei na Julai, ndio wakati magari ya Kyela yanapoingiza fedha nyingi zaidi. Magunia hutolewa mashambani, hupelekwa mashineni kukobolewa na kisha hupandishwa Tukuyu, Mbeya na mbele zaidi. Ndio wakati pia ambao mwenye gari huahirisha kumwaga oili kwa sababu kila siku ya gereji ni tripu iliyopotea. Kwa mfanyabiashara ambaye mtaji wake mkubwa ni gari moja, uamuzi huo unaonekana mdogo lakini unagusa uhai wa mtaji wenyewe.

Kanuni inayotumika kwa wengi ni ile ya kilomita 3,000 au 5,000. Ni kanuni rahisi kukumbuka, ila mita ya kilomita haijui gari limebeba nini, limepanda mlima gani wala limesimama foleni kwa muda gani huku injini ikiunguruma. Katika ukanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, hayo ndiyo mambo yanayoimaliza oili.

Mlima, joto na matope

Uso wa ziwa uko mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari. Barabara inayotoka mpakani Kasumulu kupitia Tukuyu hadi Uyole hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari kwenye safu ya Uporoto kabla ya kushuka kuelekea Mbeya. Injini iliyobeba mzigo hufanya kazi kwa gia ndogo kwa muda mrefu, hupata joto kali na huchoma mafuta mengi kwa kila kilomita.

Upande wa ziwani, kwenye njia za Ipinda na Matema, tatizo ni jingine. Safari ni fupi, vituo ni vingi, na mvua za masika hujaza maji na matope barabarani. Injini inayozimwa kila baada ya dakika chache haipati joto la kutosha kukausha unyevu na mvuke wa mafuta unaoingia kwenye oili. Vitabu vya watengenezaji wa magari huziita hali hizi mazingira magumu: mzigo mzito, milima, vumbi, matope, safari fupi na kusimama injini ikiwaka. Kwa mazingira hayo vingi huagiza muda wa kubadili oili upunguzwe, mara nyingi kwa nusu. Kwa hiyo gari ambalo kitabu chake kinasema kilomita 10,000 linaweza kuhitaji oili mpya kila kilomita 5,000 likifanya kazi Kyela.

Hesabu ya saa na ya lita

Kipimo bora kuliko kilomita ni saa ambazo injini imefanya kazi. Gari linalokwenda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa hutumia saa 100 kumaliza kilomita 5,000. Lori linalotoa mpunga mashambani kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, pamoja na muda wa kupakia injini ikiwaka, litakuwa limefikisha saa hizo 100 likiwa na kilomita 2,000 tu. Anayesubiri mita ifike 5,000 anaitumia oili hiyo kwa saa 250.

Magari mengi hayana mita ya saa, lakini lita za mafuta zinaweza kuhesabiwa na mtu yeyote mwenye daftari. Kadiri injini inavyochoma mafuta mengi ndivyo masizi na tindikali vinavyoingia kwenye oili. Tuchukue pikapu inayokwenda kilomita 10 kwa lita moja kwenye tambarare. Kilomita 5,000 ni sawa na lita 500. Ikipewa mzigo na kupandishwa Tukuyu kila siku, ikawa inakwenda kilomita 7 kwa lita, lita hizo 500 zitakwisha ikiwa imetembea kilomita 3,500. Hapo ndipo pa kubadili. Hii si mbinu ya kubahatisha. Watengenezaji wa injini kubwa za mitambo nao hutumia kiasi cha mafuta kilichochomwa kupanga muda wa oili.

Wenye mashine za kukoboa mpunga zinazotumia injini za dizeli wana sababu zaidi ya kuweka daftari la saa, kwani mashine hizo hazina mita ya kilomita kabisa.

Gharama ya kuwahi na ya kuchelewa

Kuwahi mno nako ni hasara. Tufanye hesabu kwa namba za mfano, na kila msomaji aweke za kwake. Gari linatembea kilomita 60,000 kwa mwaka, na oili pamoja na filta hugharimu shilingi 100,000. Likibadilishiwa kila kilomita 5,000, gharama ni mara 12, yaani shilingi milioni 1.2 kwa mwaka. Likibadilishiwa kila 3,000, gharama hupanda hadi shilingi milioni 2. Tofauti ya shilingi 800,000 inafaa kulipwa pale tu ambapo kazi ya gari inaidai.

Anayesogeza hadi kilomita 7,000 ataokoa kama shilingi 343,000 kwa mwaka. Lakini tuseme injini ikinoki, kuifungua na kuifufua ni shilingi milioni 3, na siku 10 bila hesabu ya shilingi 50,000 kwa siku ni shilingi 500,000 nyingine. Hasara ni shilingi milioni 3.5. Akiba ile ni takriban sehemu moja ya kumi ya hasara hii. Maana yake ni kwamba, kama kuchelewa kunaongeza uwezekano wa kuua injini kwa zaidi ya mara moja katika miaka kumi, akiba hiyo ni ya karatasi tu. Na kama gari limenunuliwa kwa mkopo, marejesho hayasubiri gari litoke gereji.

Nani analipa?

Utaratibu wa hesabu ya siku una kasoro moja. Tajiri ndiye anayelipia oili, lakini dereva ndiye anayepoteza kipato gari likilala gereji. Dereva hana haraka ya kusema kilomita zimefika. Pale ambapo dereva ndiye anayepewa fedha za oili, naye anaweza kununua ya bei nafuu au kuongezea tu bila kumwaga ya zamani. Deiwaka ndiye mwenye sababu ndogo kuliko wote ya kujali.

Dawa ni ya kibiashara. Tajiri anunue oili na filta mwenyewe, aone filta ya zamani ikitolewa, na siku ya kubadili isidaiwe hesabu kamili. Kilomita, lita na tarehe ziandikwe kwenye daftari linalokaa ndani ya gari. Siku ya kuuza gari, daftari hilo litamsaidia muuzaji kutetea bei yake.

Dalili za kutazama

Oili ya dizeli kuwa nyeusi si dalili ya kwamba imekwisha. Oili nzuri huwa nyeusi ndani ya siku chache kwa sababu inasafisha injini na kubeba masizi yasigande. Dalili za kuogopwa ni hizi: oili yenye rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia, kiwango kinachopanda kwenye kijiti cha kupimia, maana yake dizeli au maji yanavujia humo, harufu kali ya petroli, na chembe zinazokwaruza kati ya vidole.

Kuna kipimo cha senti chache. Injini ikiwa ya moto, dondosha tone moja la oili kwenye karatasi nyeupe inayonyonya na uiache kwa saa kadhaa. Tone likitawanyika taratibu kutoka katikati kwenda nje, oili bado ina uwezo wa kubeba uchafu. Likiacha duara jeusi katikati lenye ukingo mkali, imechoka. Mashirika makubwa hupeleka oili maabara. Reli za Marekani zilianza kupima chembe za madini kwenye oili ya vichwa vya treni tangu miaka ya 1940, ili kujua injini inayolika kabla haijavunjika. Tone la karatasi haliwezi kuonyesha hayo, lakini ni bora kuliko kubahatisha.

Oili ipi, na dizeli ipi

Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki ziliweka kikomo cha salfa kwenye dizeli kuwa sehemu 50 kwa kila milioni. Zamani kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa mara nyingi zaidi, na salfa hiyo ilizaa tindikali iliyoimaliza oili mapema. Kanuni ya kilomita 3,000 ilikuwa na maana zaidi enzi hizo. Nafuu hiyo hupotea mafuta yakichakachuliwa, ndiyo maana EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Dizeli ya kwenye madumu isiyojulikana ilikotoka isihesabiwe kuwa ni ile ya salfa ndogo.

Kwa injini nyingi za dizeli, oili ya 15W-40 inafaa joto la Kyela na baridi ya alfajiri huko Uporoto. Injini nyingi za petroli za Kijapani za miaka ya 2000 zilitengenezwa kwa oili nyepesi kama 5W-30, hivyo kuzijaza oili nzito kwa mazoea huongeza ulaji wa mafuta. Bodaboda ni jambo jingine: oili yake ni kama lita moja tu, na ndiyo hiyo hiyo inayolainisha gia na klachi. Inahitaji kubadilishwa mapema kuliko ya gari, na itafutwe yenye alama ya JASO MA ili klachi isiteleze.

Galoni lenye lakiri iliyokatika au bei iliyo chini mno kuliko ya soko liachwe dukani. Nayo oili chafu isimwagwe mtaroni, kwa kuwa mitaro ya Kyela huishia ziwani, na samaki wa ziwa hilo ni bidhaa ya sokoni kama ulivyo mchele.

Kabla ya mavuno yajayo, mwenye gari anaweza kuanza na mambo matatu: abadili oili kabla msimu haujaanza, aandike lita zote za mafuta zinazoingia kwenye tangi, na aweke kikomo chake mwenyewe kwa lita hizo. Baada ya mizunguko mitatu au minne atakuwa na namba ya gari lake, inayotokana na njia na mzigo wake.