Rakhiv: Mji wa Ukraine uliobadilishiwa nchi mara kwa mara bila kuhama

Ukisikia Ukraine siku hizi, kinachokujia kichwani ni makombora, droni na majengo yaliyobomoka. Lakini kusini-magharibi kabisa mwa nchi hiyo, mbali na mstari wa mapigano, kuna mji mdogo wa milimani wenye watu wapatao 15,000 ambao una kisa tofauti.

Unaitwa Rakhiv. Ndani ya karne moja tu, umewahi kuwa chini ya Austria-Hungary, Romania, Czechoslovakia, Hungary, Umoja wa Kisovieti na sasa Ukraine. Watu wake hawakuhama. Mipaka ndiyo iliyokuwa inahama juu ya vichwa vyao.

Hata jina la mji linategemea unamuuliza nani. Waukraine wanasema Rakhiv, Wahungary Rahó, Wacheki Rachov.

Basi, ilikuwaje?

Uko wapi hasa?

Rakhiv uko katika mkoa wa Zakarpattia, jina ambalo maana yake ni "ng'ambo ya Karpati". Ni sahihi kabisa. Ukiutazama kutoka Kyiv, mkoa huu uko nyuma ya milima ya Karpati, na mgongo wake umeegemea Romania, Hungary, Slovakia na Poland.

Mji umebanwa kwenye bonde jembamba. Nyumba zimepanda kwenye miteremko pande zote mbili, na katikati unapita mto Tysa. Mara nyingi hutajwa kuwa mji ulio juu zaidi kuliko miji mingine ya Ukraine.

Kilomita chache juu ya mji ndipo mito miwili, Tysa Nyeusi na Tysa Nyeupe, inapokutana na kuwa mto mmoja. Kutoka hapo maji yanasafiri kupitia Hungary hadi Serbia, ambako yanaingia mto Danube. Katika wilaya hiyohiyo kuna mlima Hoverla, mrefu kuliko yote Ukraine, wenye mita 2,061.

Kusini mwa mji, karibu na kijiji cha Dilove, kuna nguzo ya mwaka 1887 iliyowekwa na wataalamu wa ramani wa Austria-Hungary. Wenyeji wanakwambia hapo ndipo katikati ya bara la Ulaya. Lithuania na Slovakia nao wana "katikati" yao, kwa hiyo ubishi haujaisha. Watalii hata hivyo hawajali, wanapiga picha na kuondoka.

Wenyeji ni akina nani?

Wengi ni Wahutsul, jamii ya Waukraine wa milimani. Wana lahaja yao, nguo zao za kudarizi na sifa ya ufugaji wa kondoo.

Majira ya joto wafugaji hupandisha kondoo kwenye malisho ya juu ya milima na kukaa huko miezi kadhaa. Maziwa hugeuzwa kuwa jibini laini yenye chumvi inayoitwa bryndza. Rakhiv imekuwa na tamasha lake la jibini hiyo kila Septemba, wafugaji wanaporudi bondeni.

Kazi nyingine ya kale ilikuwa magogo. Kabla ya barabara nzuri, wanaume waliyafunga magogo pamoja yakawa chelezo, wakayapanda na kuyaongoza kwa kasia mtoni hadi tambarare za Hungary. Kwenye vijito vya juu walizuia maji kwa mabwawa ya mbao, kisha wakayafungulia kwa mkupuo ili yasukume mzigo. Ukiteleza, ndiyo basi tena.

Reli ilipofika miaka ya 1890, ikapita bondeni kuunganisha pande mbili za milima. Wakati huo kote huko kulikuwa ndani ya dola moja. Hilo likumbuke, litakuja kuleta shida.

Nchi zilivyopishana

Mji unatajwa kwenye maandishi tangu 1447, na kwa karne nyingi ulikuwa sehemu ya ufalme wa Hungary. Vurugu zilianza Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokwisha na dola ya Austria-Hungary kusambaratika mwaka 1918. Kwa ufupi:

• Januari 1919: Katika mji jirani wa Yasinia, Wahutsul wanaanzisha jamhuri yao chini ya Stepan Klochurak. Wanataka kuungana na Ukraine. Inadumu miezi mitano tu.

• Juni 1919: Jeshi la Romania linaingia na kuizima jamhuri hiyo.

• 1920: Waromania wanaondoka. Eneo linakuwa la Czechoslovakia, kama mikataba ya amani ilivyoamua.

• 15 Machi 1939: Czechoslovakia inavunjika. Mkoa unatangaza uhuru kwa jina la Ukraine ya Karpati, rais akiwa padri Avgustyn Voloshyn. Jeshi la Hungary tayari liko njiani, na ndani ya siku chache kila kitu kimekwisha.

• 1944: Jeshi la Kisovieti linawafukuza Wahungary. Mwaka uliofuata Czechoslovakia inasaini mkataba wa kuukabidhi mkoa kwa Moscow.

• 1991: Umoja wa Kisovieti unavunjika, na Rakhiv inakuwa sehemu ya Ukraine huru.

Ndiyo maana mkoani humo kuna utani maarufu wa mzee aliyezaliwa Austria-Hungary, akasoma Czechoslovakia, akaoa Hungary, akafanya kazi Umoja wa Kisovieti na kustaafu Ukraine. Anaulizwa: "Mzee, umesafiri sana eh?" Anajibu: "Sijawahi kutoka kijijini kwetu."

Hata saa hazikupona. Moscow ilileta saa zake, na baadaye zikaja saa za Kyiv. Mpaka leo wapo watu Zakarpattia wanaohesabu "saa za kwetu", ambazo ziko nyuma ya Kyiv kwa saa moja na zinalingana na za Hungary na Slovakia. Ukipanga kukutana na mtu, uliza kwanza ni saa za wapi.

Utani unapoishia

Kubadilishiwa nchi si kichekesho kwa kila mtu. Kila dola mpya ilikuja na swali lilelile: una karatasi?

Kabla ya vita, Rakhiv na vijiji vyake vilikuwa na Wayahudi wengi. Mwaka 1941 serikali ya Hungary iliamua kuwafukuza Wayahudi walioshindwa kuthibitisha uraia wa Hungary. Fikiria familia iliyoishi bonde moja vizazi na vizazi, huku nchi ikibadilika mara tatu au nne. Cheti cha babu unakitoa wapi?

Maelfu walikusanywa Yasinia na kupelekwa ng'ambo ya milima, kwenye eneo lililokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mwishoni mwa Agosti 1941, karibu na mji wa Kamianets-Podilskyi, Wayahudi 23,600 waliuawa kwa risasi ndani ya siku chache. Wengi wao walikuwa hao waliofukuzwa Hungary.

Waliobaki walifikiwa mwaka 1944, walipopakiwa kwenye treni kwenda Auschwitz. Jamii nzima ikafutika bondeni.

Reli iliyokatwa na mpaka

Baada ya 1945 mto Tysa, ukishapita Rakhiv na kufika Dilove, uligeuka kuwa mpaka kati ya Umoja wa Kisovieti na Romania. Watu wa kingo mbili waliokuwa wakienda soko moja wakajikuta nchi tofauti.

Ile reli ya zamani nayo ikakatika vipande, kwa sababu sehemu yake inapita ardhi ya Romania. Matokeo yake, ukitaka kwenda kwa treni kutoka Rakhiv hadi Uzhhorod, makao makuu ya mkoa wake wenyewe, unalazimika kuvuka milima, kuzunguka kupitia Lviv, kisha kuvuka milima tena kurudi.

Ni vita ya sasa iliyofufua kipande kimoja. Ukraine ilipohitaji njia zaidi za kuelekea Umoja wa Ulaya, njia ya kusini mwa mji ilikarabatiwa, na Januari 2023 treni ya abiria ikaanza tena kati ya Rakhiv na Valea Vișeului, upande wa Romania.

Na leo hali ikoje?

Zakarpattia ni mkoa uliopigwa mara chache kuliko mingine, ndiyo maana umepokea watu wengi waliokimbia mashariki. Misitu ya kale inayozunguka Rakhiv, iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2007, bado imesimama. Hifadhi ya Karpati inayoitunza ina ofisi zake mjini hapo.

Kuitunza si suala la watalii tu. Mafuriko makubwa ya 1998 na 2001 yaliharibu maelfu ya nyumba mkoani, na mpaka leo mjadala kuhusu ukataji miti kwenye miteremko haujafungwa.

Lakini vita imefika kwa njia nyingine. Tangu Februari 2022 wanaume wa miaka 18 hadi 60 wamezuiwa kutoka nchini, isipokuwa wenye vibali maalumu. Agosti 2025 serikali ililegeza kwa wale wa miaka 18 hadi 22 tu.

Kwa hiyo wapo wanaojaribu kuvuka kwa siri. Wengine hupanda milima kuelekea Romania, na waokoaji wa upande ule wameokota wengi wakiwa hoi kwa baridi. Wengine huingia Tysa usiku. Kwa macho mto unaonekana mdogo, ila maji yake ni ya baridi kali na yana kasi. Makumi ya wanaume wamekufa humo tangu vita ianze.

Wakati huohuo, wapo vijana wa bonde hilohilo walioenda mashariki kupigana, na baadhi yao wamerudishwa kuzikwa nyumbani. Mji mmoja una familia za pande zote mbili, na si jambo linalozungumzwa kwa urahisi.

Kwa karne nzima, watu wa Rakhiv walizoea mpaka unaokuja na kuondoka wenyewe. Sasa mpaka umetulia mahali pamoja, na wanaojaribu kuuvuka ndio wanaopotea mtoni.