Je, Wajua? Si Kila Tumbo Kubwa ni Kitambi

Je, wajua kwamba mtu mzima anaweza kubeba mfuko wa maji tumboni miaka nenda miaka rudi bila habari? Mmoja huitwa limfanjioma, uvimbe wa mishipa ya limfu usio saratani. Aghalabu huwaota watoto shingoni au kwapani kabla ya miaka 2. Kwa mtu mzima, tena tumboni, ni nadra.

Wajua daktari husikiliza tumbo kwa kidole? Ukilala chali, maji yaliyotapakaa tumboni hukimbilia mbavuni: akigonga mbavuni pana sauti nzito, kitovuni panalia kama ngoma. Mfuko mkubwa hugeuza mambo: katikati ndiko kuzito, mbavuni kunalia.

Uvimbe ulioota kwenye utando unaoshika utumbo husukumika kushoto na kulia, ila juu na chini hukataa. Dalili hiyo ina jina la Tillaux, Mfaransa aliyefanikiwa kuukata uvimbe wa namna hiyo mwaka 1880.

Wajua kisa cha Jane Todd Crawford? Mwaka 1809 huko Kentucky, Marekani, madaktari walidhani ana mimba iliyopitiliza. Daktari Ephraim McDowell alimpima, akakuta mji wa mimba mtupu. Mama huyo alipanda farasi kiasi cha kilomita 100 kumfuata, akapasuliwa bila dawa ya usingizi (haikuwapo!), ukatoka uvimbe wa ovari wa kilo 10 hivi. Aliishi miaka zaidi ya 30 baadaye.

Ultrasaundi huonyesha limfanjioma imegawanyika vyumba vyumba, kama chungwa lililokatwa. Basi si itobolewe kwa sindano? Taratibu! Si kila mfuko wa maji ni limfanjioma: Turkana, kaskazini mwa Kenya, imehesabiwa miongoni mwa sehemu zilizosumbuliwa zaidi duniani na hidatidi, minyoo ya mbwa inayojenga mifuko ya maji mwilini mwa binadamu. Mfuko huo ukitobolewa ovyo, maji yake yanaweza kuleta mzio wa kuua, na minyoo ikasambaa tumboni. Kwa hiyo daktari akikuuliza kama unafuga mbwa, mjibu, hapigi soga.

Limfanjioma nayo ikinyonywa maji tu hujaa tena. Dawa yake kuu ni kuikata yote, na jina lake huthibitishwa kwa hadubini. Ukishapasuliwa, usisahau kurudi kufuata majibu ya kipimo hicho.