ELIMU YA AFYA: TONGE LIKIPITA NJIA YA HEWA

Huku Bwera na Kasese watoto wengi hula karanga na mahindi huku wakikimbia. Tuelewe kwa nini jambo hili ni hatari.

Kooni kuna njia mbili. Ya mbele ni ya hewa, nayo huenda mapafuni. Ya nyuma ni ya chakula, nayo huenda tumboni. Kila tonge la bugali hupita juu ya mlango wa njia ya hewa.

Je, koo hujilindaje?

Unapomeza, pumzi husimama kidogo. Shika kikoromeo, kile kifundo cha mbele ya shingo, kisha umeze mate: utasikia kikipanda. Wakati huo kifuniko kidogo kiitwacho kidakatonge hufunika njia ya hewa, na chini yake nyuzi za sauti hujifunga. Kitu kikiponyoka, kikohozi hukitupa nje.

Ulinzi huu hushindwa mtu akicheka, akilia au akikimbia na chakula mdomoni. Kwa aliyezimia au mwenye degedege haufanyi kazi vizuri. Kwa hiyo:

- Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima. Zisage.
- Toa miiba ya samaki kabla ya kumlisha.
- Usimbane mtoto pua ili kumnywesha uji kwa nguvu.
- Mwenye degedege asipewe maji, dawa wala kijiko mdomoni. Mlaze ubavu, umpeleke kituo cha afya upesi.

Mtu akipaliwa

Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa, kulia wala kusema, mwinamishe, umpige mgongoni kati ya mabega mara 5. Kisha simama nyuma yake, ukandamize tumbo juu ya kitovu, kwa ndani na juu, mara 5. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asikandamizwe tumbo: msukume katikati ya kifua mara 5. Rudia hadi kitoke, huku mwingine akiita msaada. Usiingize kidole kutafuta usichokiona.

Mtoto aliyepaliwa akiendelea kukohoa au kukoroma kifuani, hata baada ya siku kadhaa, mpelekeni kituo cha afya au Hospitali ya Bwera. Mwambieni mganga alikuwa anakula nini. Punje ya karanga iliyobaki ndani huweza kudhaniwa ni nimonia.

Kinga ni bora kuliko tiba.