Mzee asiyeweza kusimama kwenye mstari

Kambi nyingi za kandokando ya Goma zilivunjika mwezi wa Februari 2025. Wenye nguvu walifunga mizigo, wakarudi Rutshuru, Masisi na Nyiragongo. Na mzee asiye na wa kumbeba? Akibaki kwa jirani, jina lake limebaki kwenye orodha ya kambi ambayo haipo tena.

Ndiyo maana tunawaomba viongozi waanzie kwenye orodha. Msingoje mzee aje kuandikwa. Nendeni mlangoni kwake. Siku ya mgawo, wanaowahi mstari tangu alfajiri ni wenye magoti mazima. Mzee anahitaji mtu wa kumchukulia chakula, na mtu huyo amchague yeye mwenyewe, mbele ya kamati na mashahidi. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu unga ukipotea njiani, familia mbili hugombana, na kwetu ugomvi wa namna hiyo haukawii kuitwa wa makabila.

Hii si sadaka. Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009, unaowalinda wakimbizi wa ndani katika Afrika, unawataja wazee katika kifungu cha 9 kati ya wanaostahili ulinzi na msaada wa pekee.

Kazi nyingine ni ndogo: kumchotea maji, kumsindikiza kwenye kituo cha afya. Lakini keteni naye pia, mzungumze. Mkirudi kijijini na kukuta shamba linalimwa na mwingine, mara nyingi ni yeye anayejua mpaka ulipita wapi, na nani alimruhusu nani kulima.