Somo na Somo Yake: Abdallah na Hemedi wa Tanga

Kila kikundi kiwe na karatasi na kalamu, maana leo nitawapa majina ya kuandika, na majina haya yakisikiwa kwa sikio tu hupotea njiani. Ninyi mnaosoma somo hili baada ya kuchapwa mna nafuu: mwaweza kurudi nyuma mkatazama tena.

Neno "somo" lina maana zaidi ya moja katika lugha yetu. Hili mnalolipata sasa ni somo. Na mtu ambaye jina lake ni sawa na lako, huyo ni somo yako. (Iko na maana ya tatu, ya yule mama afundishaye mwari mambo ya unyumba, lakini hiyo tuwaachie wenyewe.) Leo basi twatoa somo juu ya masomo, yaani watu wenye jina moja na kazi mbalimbali, na jinsi ya kuwatenga wasichanganywe.

Kwanza tuulize: kwa nini huku Mrima, toka Tanga hadi Pangani, Saadani na Bagamoyo, watu wa jina moja ni wengi hivi? Sababu moja mwaijua. Majina yetu mengi yametoka katika chungu kimoja: majina ya mitume na masahaba, na ya siku na miezi, kama Juma, Hamisi, Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Sababu ya pili ina nguvu zaidi, nayo ni desturi ya kumpa mtoto jina la babu yake. Abdallah akipata mtoto wa kiume humwita Hemedi, jina la baba yake mwenyewe. Hemedi huyo naye akikua, akaoa, akazaa, mwanawe huitwa Abdallah. Basi nyumba hiyo ina Abdallah bin Hemedi, na Hemedi bin Abdallah, na Abdallah bin Hemedi tena, kama maji ya bahari yajaayo na kupwa.

Sasa andikeni majina mawili. La kwanza, Abdallah bin Hemedi. La pili, Hemedi bin Abdallah. Mkimaliza, yatazameni. Maneno ni yale yale, yamebadilishana mahali tu. Hawa si watu wa mfano niliowabuni mimi. Ni watu wawili wa kweli, wote wa upande wa Tanga, walioishi wakati mmoja, na wote wawili walituachia maandishi makubwa ya Kiswahili. Hawakuwa baba na mwana, wala hawakuwa wa ukoo mmoja.

Abdallah bin Hemedi alikuwa mtu wa karatasi za serikali. Alikaa Usambara miaka mingi, akawa karani wa watawala wa Kikilindi, akizisikia habari za wazee wao. Wadachi walipoitwaa nchi walimpa kazi, na mwishowe akawa Liwali wa Tanga. Alikufa mwaka 1912. Kitabu chake ni Habari za Wakilindi. Chaeleza jinsi Mbega, mwindaji wa nguruwe mwitu kutoka Unguu, alivyoingia Usambara akafanywa mtawala Vuga, na jinsi kizazi chake kilivyotawala hadi Kimweri mkubwa, aliyekufa mwaka 1862, na vita vya wanawe na wajukuu zake baada yake. Kilichapwa kwa sehemu tatu kati ya mwaka 1895 na 1907, na waliokichapa ni wamisioni wa Kiingereza wa Magila, karibu na Muheza. Mwandishi Mwislamu na mashine ya Wakristo: watu wa siku zile walijua kusaidiana kuliko tunavyowadhania.

Hemedi bin Abdallah alikuwa mtu wa elimu ya dini na wa shairi. Tenzi zake ni kadha wa kadha, kama ule wa Abdirrahmani na Sufiyani, na ule wa Seyyidna Huseni bin Ali. Lakini ule unaotuhusu zaidi ni Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Kutamalaki ni kumiliki, kuitwaa nchi ikawa yako. Mwaka wa Hijria unaotajwa pamoja na jina la utenzi huo ni 1307, ulioanza Agosti 1889. Miezi hiyo ndiyo ya habari yenyewe: watu wa pwani walikuwa wameinuka mwaka 1888 baada ya kampani ya Wadachi kutweka bendera yake Pangani, na kiongozi wao Abushiri bin Salim alinyongwa huko huko Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Utenzi una beti za mistari minne, kila mstari mizani nane, kama tenzi tunazozijua. Msimuliaji wake ni mtu wa nchi iliyotwaliwa.

Hapo ndipo penye hatari. Mwenye kusoma haraka akiwafanya mtu mmoja, atakuwa amempa Liwali wa Wadachi utenzi wa vita dhidi ya Wadachi. Akiusoma atasema, "Huyu alikuwa akila mshahara wao, kwa hiyo neno hili alilitia ili kuwapendeza, na lile alilificha kwa hofu." Nusu ya hukumu yake itakuwa juu ya mtu asiyehusika. Hali kadhalika, atakisoma Habari za Wakilindi kana kwamba kilitungwa na mshairi mwenye kupamba, na atazidharau habari ambazo karani alizikusanya kwa wenyewe. Mashahidi wawili wamegeuzwa mmoja, na kwa miaka ile ya pwani yetu mashahidi wa Kiswahili walioandika si wengi kiasi cha kuwapoteza hovyo.

Mambo matatu huzidisha ugumu. Msomi mmoja wa Kiingereza, J. W. T. Allen, ndiye aliyeshughulikia vitabu vya wote wawili, na East African Literature Bureau ikavitoa karibu pamoja, Utenzi mwaka 1960 na Habari mwaka 1962. La pili, siku hizi twaacha "bin": twaandika Hemedi Abdallah, Abdallah Hemedi, basi. La tatu ni desturi ya maktaba za Kizungu kuandika jina la mwisho kwanza. Mshairi wetu huko huwa "Abdallah, Hemedi". Ondoeni mkato ule mdogo, mara amekuwa "Abdallah Hemedi", yaani Liwali! Mtu mzima ametoweka kwa alama ya ukubwa wa mbu.

Dawa yake wazee walikuwa nayo, nao hawakuwa na maktaba. Ni kuuvuta mnyororo. Mshairi alijitaja kwa urefu: Hemedi bin Abdallah bin Said bin Abdallah bin Masudi el-Buhriy. Tazameni Abdallah anavyorudi mara mbili: baba alipewa jina la babu yake, kama tulivyosema. Na mwisho wa mnyororo ndio ufunguo, el-Buhriy, jina la ukoo. Liwali yeye huitwa Liajjemy, jina lenye neno Ajemi ndani yake. Hapo huwezi kuwachanganya hata ukitaka. Mkimkuta na Ali bin Hemedi el-Buhriy, sheikh wa Tanga aliyeandika vitabu vya mirathi na nikahi, jina lenyewe limekwisha kuwaambia ni wa nyumba gani.

Mfano ulionipendeza kuliko yote umo katika tafsiri ya Kiingereza ya Habari za Wakilindi. Aliyeshirikiana na Allen ametajwa hivi: William Kimweri bin Mbago bin Kibwana bin Maiwe bin Kimweri Zanyumbai. Mnyororo umeanza kwa Kimweri na kuishia kwa Kimweri. Wa kwanza ni mtu wa kalamu wa karne ya 20. Wa mwisho ni yule mtawala wa Vuga aliyemo ndani ya kitabu. Mtu ameiandika nasaba yake katika kitabu cha nasaba yake.

Angalieni pia kosa la upande wa pili, la kumkata mtu mmoja akawa wawili. Shaaban Robert aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, na baadaye akafanya kazi katika ofisi za serikali Tanga mjini. Anayesoma orodha ya makarani na anayesoma mashairi huona watu wawili. Ni yeye yule. Na Robert si jina alilojichagulia: ni jina la baba yake.

Na jina moja laweza kuvaa nguo tofauti. Bakari, Abakari na Abubakari ni jina moja. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin, na Salim bin Abakari, aliyesafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, wote wawili waliandika, na maandishi yao yalitolewa na Mdachi mmoja, Carl Velten. Lakini hawana undugu kwa sababu ya Bakari tu.

Msidhani haya ni ya vitabuni peke yake. Fomu za leo zataka majina matatu, na wengi wa pwani hujaza jina la babu mahali pa jina la ukoo. Hemedi Abdallah Said akizaa Ali, mtoto huwa Ali Hemedi Abdallah, na "ukoo" umekwisha hama kutoka Said kwenda Abdallah. Siku ya mirathi au ya hati ya shamba, mjukuu aitwaye sawasawa na babu yake atakuja na karatasi yenye majina mawili tu, na mtaa wa pili yuko somo yake mwenye karatasi kama hiyo. Nani atamtambua?

Kazi ya vikundi juma hili. Kila mmoja aandike jina lake, la baba, la babu, na la baba wa babu, kisha jina la ukoo kama lipo, na mahali kila mmoja alipozaliwa na kazi aliyoifanya. Fanyeni vivyo hivyo kwa upande wa mama, kwa "binti". Pasipojulikana pawekwe mstari mtupu, msibuni, na mwende mkawaulize wazee kabla ya somo lijalo. Andikeni kwa wino.