Sampla Hainunuliwi kwa Ajili ya Sauti

Prodyuza mwenye laptopu, FL Studio na kibodi ndogo ya MIDI akishapata fedha kidogo, swali lake ni lilelile: ninunue sampla gani ili midundo yangu iwe na ule uzito wa hip hop ya miaka ya tisini? Majibu anayopewa ni orodha ya mashine. Mmoja anamtajia MPC ya Akai, mwingine SP, wa tatu anamshauri atafute ya zamani kabisa, "zile za biti 12". Wote wanajibu swali lililopaswa kukataliwa mlangoni. Sampla nyingi zinazouzwa leo haziongezi uzito wowote. Zinapokea sauti, zinaikata, zinaipanga, kisha zinaitoa jinsi zilivyoipokea. Ukiingiza kiki nyepesi, inatoka kiki nyepesi. Sababu nzuri ya kununua mashine hii ipo, lakini inahusu namna mtu anavyofanya kazi, na haina uhusiano na rangi ya sauti.

Imani kwamba mashine huongeza uzito ina asili yake, nayo inahesabika. E-mu SP-1200, iliyotoka mwaka 1987, ilibadilisha kweli kila sauti iliyopita ndani yake. Ilirekodi kwa biti 12, maana yake ukubwa wa sauti uligawanywa katika ngazi 4,096, wakati CD ina ngazi 65,536. Mkia wa pigo linapofifia ulibakiwa na ngazi chache za kushukia, ukawa unakwaruza. Ilipima sauti mara 26,040 kwa sekunde, na kwa kuwa mfumo wa kidijitali hauwezi kubeba masafa yanayozidi nusu ya idadi hiyo, chochote kilicho juu ya kilohezi 13 kilikuwa hakina nafasi. Kumbukumbu yote ilikuwa sekunde 10, na sampuli moja haikuruhusiwa kuzidi sekunde 2.5. Maprodyuza wa New York walipenya kwa hila: santuri ya mizunguko 33 ilichezwa kwa mwendo wa 45, ikarekodiwa ikiwa inakimbia, kisha mashine ikaishusha kwenye mwendo wake wa kawaida. Sekunde 2.5 zikabeba karibu sekunde 3.4 za muziki. Malipo yake ni kwamba ule mpaka wa kilohezi 13 ulishuka hadi kama 9.6, na kwa kuwa mashine ilishusha sauti kwa kurudia nukta zilezile bila kukadiria zilizo katikati, kukazuka masafa ambayo hayakuwamo kwenye santuri. Ule ukwaruzo, ule ubutu wa juu na ule uchafu kwenye matoazi ndiyo siri yote. Ni upungufu wa kumbukumbu, ambayo wakati huo ilikuwa ghali, na watu wenye kipaji wakaugeuza kuwa mtindo.

Sasa tazama mashine za siku hizi. MPC One, ya mwaka 2020, ina prosesa ya jamii ileile inayotumika kwenye simu, mfumo endeshi wa Linux, RAM ya gigabaiti 2 na sauti ya kilohezi 44.1 isiyo na doa. Ni kompyuta yenye pedi. Roland SP-404MKII ya 2021 inarekodi kwa biti 16 na kilohezi 48, na ule mchakacho wa santuri unaosifiwa ndani yake ni programu inayoendeshwa na chipu, sawa na plagini yoyote iliyomo kwenye laptopu. Anayelipia mashine hizo ili apate uchafu wa 1987 anapewa usafi wa 2020 na kitufe cha kuuchafua. Kitufe hicho anacho tayari. FL Studio ina Fruity Squeeze, Ableton Live ina Redux, na TAL-Sampler imetengenezwa makusudi kuiga vigeuzi vya mashine za zamani. Chukua sampuli yako, ipandishe mwendo kwa asilimia 35, ipunguze hadi biti 12 na kilohezi 26, kisha ishushe pale ilipokuwa ukiwa umezima ukadiriaji wa nukta. Kazi hiyo haimalizi hata kikombe cha chai, na ukiipenda au ukiichukia, utakuwa umejua ni kitu gani hasa ulichokuwa unatafuta.

Tawi la pili la imani hii ni swingi: kwamba MPC ina mdundo wake wa siri ambao kompyuta haiupati. Aliyeibuni si mtu wa kufichaficha. Roger Linn aliileta swingi kwenye mashine yake ya ngoma, LM-1, mwaka 1980, akaiingiza kwenye MPC60 ya Akai mwaka 1988, na ameeleza hadharani kwamba inachofanya ni kuchelewesha pigo la pili katika kila jozi ya mapigo ya kumi na sita. Basi. Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, jozi hiyo ina milisekunde 300. Swingi ya asilimia 50 inaliweka pigo la pili kwenye milisekunde 150, yaani katikati kabisa. Asilimia 54 inalisogeza hadi 162. Asilimia 66 hadi 198, ambapo sikio linaanza kusikia mgawanyo wa tatu. MPC60 iligawa pigo moja kubwa katika sehemu 96, na FL Studio ikifunguliwa bila kuguswa chochote hugawa katika sehemu 96 hizohizo. Ableton Live ina hata ramani za swingi zilizobandikwa jina la MPC. Kama mdundo wako umekaa kama askari wa gwaride, tatizo ni kwamba hujausogeza.

Hapa hutajwa prodyuza J Dilla, kana kwamba jina lake linafunga mjadala. Na tumtaje. MPC3000 yake imehifadhiwa Washington, katika jumba la makumbusho la Smithsonian la historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi. Mashine hiyo, iliyotoka mwaka 1994, inarekodi kwa biti 16 na kilohezi 44.1, ambavyo ni vipimo vya CD. Hakuna biti 12 za kumpa sifa. Ile ngoma inayoyumba kama inataka kuanguka ilitokana na yeye kuacha baadhi ya mapigo bila kunyooshwa na kuyasogeza mengine kwa makusudi, snea huku, kiki kule, kila moja kwa kiasi chake. Vidole na masikio yake ndivyo vilivyofanya hesabu hiyo. Anayenunua mashine akiacha mapigo yote yanyooshwe na kitufe kimoja amenunua kila kitu isipokuwa kile alichokifuata.

Watasema: lakini rekodi zile tunazisikia, na ni nzito. Ni kweli, na uzito huo ulikuwapo kabla sampla haijaguswa. Santuri za jazi, soul na funki zilizokatwakatwa zilipigwa na wapiga ngoma wa kulipwa, kwenye vyumba vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, zikapita kwenye maikrofoni nzuri, mkanda wa sumaku na kompresa, zikachanganywa na fundi, zikakatwa kwenye plastiki na fundi mwingine. Sampla ilipokea kazi iliyokwisha kuiva. Sampuli ya kiki iliyopakuliwa bure, ambayo imekwisha kubanwa na watu watano kabla yako, haitageuka kuwa ile. Watasema tena: mimi nimesikia tofauti kwa masikio yangu. Inawezekana, lakini uliilinganishaje? Sauti iliyo kubwa kidogo huonekana nzuri zaidi, na tofauti ya desibeli moja inatosha kumpotosha hata fundi. Toa sampuli ileile kwenye mashine na kwenye programu, zipime ziwe sawa kwa ukubwa, mwambie mwenzako azicheze bila kukuonyesha ipi ni ipi. Wengi wanaotetea boksi hawajawahi kufanya jaribio hili, na linahitaji waya mmoja.

Hoja moja ya upande wa pili naikubali. SP-1200 halisi ina chipu za kuchuja sauti za analogia, SSM2044, kwenye baadhi ya milango yake ya kutolea, na chipu hizo zina tabia ambayo plagini huikaribia tu. Mwenye maelfu ya dola ya kununua moja, na fundi wa kuihudumia, aende kwa amani. Ila asichanganye mashine hiyo na SP-404 au MPC yoyote mpya. Wala asidhani kwamba bila mashine hakuna sanaa ya sampuli. Singeli ya Dar es Salaam imejengwa juu ya vipande vya taarabu vilivyokatwa, vikafanywa lupu na kukimbizwa hadi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, na imejengwa kwenye kompyuta za kawaida za mtaani. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso ulipotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wasikilizaji wa Ulaya walioabudu boksi za zamani walisikiliza muziki wa sampuli mkali kuliko wao, na ndani yake hakuna aliyehitaji SP-1200.

Basi sampla ni ya nini? Ni ya mtu anayetazama skrini kuliko anavyosikiliza. Kwenye programu unaona mawimbi, unakata pale jicho linapoona kilele, unapanga vipande kwenye gridi, na mdundo unakaa kama ulivyochorwa. Kwenye pedi 16 unagusa, unasikia, unagusa tena. Kipande kilichokatwa milisekunde chache kabla ya pigo kinakaa hivyo kwa sababu kimekupendeza, na jicho halipo kukisahihisha. Machaguo ni machache, kwa hiyo unaamua mapema na wimbo unakwisha. Jukwaani unapiga kwa mikono, na mashine ya betri haizimiki umeme ukikatika katikati ya kazi. Hizo ni faida za kweli, na zinatosha.

Ukiwa umezikubali, uchaguzi ni mfupi. Unataka kumaliza wimbo mzima bila laptopu: MPC One au ndugu zake, MPC Live II ina betri na spika ndani. Unataka kukata, kuchafua na kupiga jukwaani: SP-404MKII, inakwenda kwa USB-C au betri sita ndogo za AA. Unapanga mapigo hatua kwa hatua na una vyombo vingine vya MIDI vya kuendesha: Digitakt II ya Elektron, yenye traki 16. Bajeti ni ndogo: EP-133 K.O. II ya Teenage Engineering, kumbukumbu yake ni finyu lakini inafanya kazi. Korg Volca Sample ya kwanza haina mahali pa kurekodia sauti kabisa, kwa hiyo usidanganywe na jina. MPD, MPC Studio na Maschine Mikro ni pedi za kuendeshea programu. Bila kompyuta ni mapambo. Kabla ya kulipa hakikisha inapokea MIDI, inapitisha sauti kwa USB ikiwa kadi yako ya sauti ina milango michache, na kwamba santuri utaipitisha kwanza kwenye kikuza sauti cha fono. Ukinunua ya mtumba iliyotoka Marekani au Japani, soma nyuma yake: nyingi za zamani zina pawa saplai ya ndani ya volti 100 au 120, na ukizichomeka kwenye soketi yetu ya 230 zitaungua siku hiyohiyo. Uliza pia kama kiendeshi chake cha diski za floppy kinasoma, na diski zenyewe utazipata wapi.

Na ikiwa bado unafanyia kazi kwenye hedifoni za simu, huna sababu ya kuwaza mashine yoyote kati ya hizi. Usichokisikia huwezi kukirekebisha, na besi usiyoisikia ndiyo inayoufanya mdundo wako uonekane mwepesi. Nunua spika za kusikilizia kwanza.